Hindi Lililobaki Benchini

Moshono, tarehe 7 Machi 1911

Mwalimu wangu Lydia, leo nimelifungua daftari ulilonipa siku ulipoondoka kwenda kuolewa Machame. Ulisema nilijaze masika yote kisha nikupelekee, nawe uyaone mambo ya hapa kana kwamba hukuondoka. Mbele ya Mungu nakuahidi kuandika yote: yasiyonipa sifa, na hata yale ambayo pengine ungependa usiyasikie. Naandika Kiswahili kwa sababu Kimaa chetu hukukimaliza, na Kichaga chako mimi sikukianza.

Mvua bado. Wingu limekaa juu ya Mlima tangu asubuhi wala halishuki.

8 Machi

Vumbi. Tumefagia darasa mara mbili.

10 Machi

Leo Mchungaji amekuja juu ya nyumbu wake. Hakushuka. Alisimama mlangoni, akamwita Mwalimu Eliamini.

"Eliamini, wasichana ni wangapi sasa?"

Mwalimu akajikuna kidevu. "Wapo, Bwana Mchungaji."

"Sikuuliza kama wapo."

"Hapa watu hawahesabiwi kwa kidole, Bwana. Hata ng'ombe hawahesabiwi."

"Na serikali, haihesabu vibanda vyao kwa ajili ya kodi?"

"Inahesabu, Bwana. Ndiyo maana hawaipendi."

Saruni na Bariki wa upande wa wavulana, waliokuwa nyuma yangu, wakaziba midomo. Mchungaji naye nusura acheke, ila uso wake umechoka siku hizi. Akasema yeye hatatuhesabu, maana lawama za Novemba zinamtosha. Lakini masika yakiisha na barabara ikikauka atarudi, na Mwalimu atamwambia jambo moja tu: kama wasichana ni pungufu ya kumi na wawili au la. Wakiwa pungufu, darasa la wasichana linafungwa na benchi letu linakwenda kwa wavulana.

Novemba unaikumbuka. Nasieku alikufa kwa homa na kikohozi, siku chache baada ya wewe kutuhesabu kwa mara ya mwisho. Usiyoyajua ni yaliyosemwa ulipokwisha kuondoka, nami niliahidi kusema yote. Kwetu mtoto akikutana na mtu mzima huinamisha kichwa, na mtu mzima humgusa utosini. Ndiyo salamu yetu, na ni baraka. Wewe ulipokuwa ukipita benchini asubuhi ukitugusa vichwa mmoja mmoja, midomo yako ikicheza bila sauti, tulidhani unatusalimu. Tuliinama kwa furaha na kufumba macho. Siku moja tu Nasieku akamwambia mama yake, "Mwalimu anatusalimu vizuri, kisha anaandika namba." Mama yake akaelewa kabla yetu.

Tangu azikwe, Mama Nasieku anasema kwamba anayeguswa mwisho ndiye anayebeba hesabu nzima kichwani, na aliyeguswa mwisho alikuwa mwanawe. Amemzuia Namnyaki, mdogo wake Nasieku, asije shule. Wanawake wengine wanawaleta binti zao kwa shingo upande.

Simpendi mama huyu. Nimeandika hivyo kwa kuwa niliahidi.

15 Machi

Mvua imefika usiku. Paa linavuja mahali pamoja tu, juu ya benchi letu upande wa ukutani, pale alipokuwa akikaa Nasieku. Wadogo wamesogea wote upande wangu, mlangoni, wakabanana kama vifaranga. Nimesema ni nyasi zimeoza. Wameniitikia, lakini hawakurudi.

17 Machi

Bariki amepanda kuziba paa. Nina kikohozi kidogo. Ni moshi.

20 Machi

Sisi watatu wakubwa, yaani Saruni, Bariki na mimi, tumemaliza milinganyo. Leo Mwalimu Eliamini ameanza somo jipya kutoka kitabu chake cha Kijerumani. Anaziita hesabu za kutolingana. Unajua jinsi anavyoiita herufi x: mgeni asiyetaja jina.

"Mlinganyo," akasema, "unamkaba mgeni mpaka ataje jina lake. Hesabu hii ina adabu zaidi. Inamwuliza tu, je, wewe ni mkubwa kuliko saba? Akisema ndiyo, inamkaribisha chai."

"Na jina lake?" akauliza Saruni.

"Halihitajiki."

"Basi hiyo si hesabu, Mwalimu. Huo ni uvivu wa Wameru."

Mwalimu, ambaye kwao ni Makumira, akamrushia kipande cha chaki. "Uvivu wa Wameru ndio unaokulisha ndizi, Mwarusha wee!"

Sote tulicheka. Mimi niliacha kucheka kabla yao, kwa sababu nilimkumbuka baba. Jioni ng'ombe wakirudi baba husimama langoni. Hasemi ng'ombe wangu ni kadha. Angesema hivyo angewaitia mauti. Anatazama tu, kisha anasema, "Yule mwekundu mwenye baka hayupo." Anajua wamepungua bila kujua ni wangapi. Kumbe kujua pungufu na kujua idadi ni vitu viwili, nasi tumekuwa tukiishi na kimoja miaka yote bila kukiandika.

21 Machi

Mvua. Paa limevuja palepale.

28 Machi

Leo tumekwama. Mwalimu aliandika ubaoni: ishirini, toa mara mbili ya mgeni, ni kubwa kuliko nane. Tukaondoa ishirini kila upande. Ikabaki hasi mbili za mgeni kubwa kuliko hasi kumi na mbili. Tukagawanya kwa hasi mbili, Bariki akapaza sauti, "Mgeni ni mkubwa kuliko sita!"

"Mjaribu," akasema Mwalimu. "Mpe saba."

Mara mbili ya saba ni kumi na nne. Ishirini toa kumi na nne ni sita. Na sita si kubwa kuliko nane. Bariki alitazama ubao kana kwamba umemtukana.

Mwalimu akatutoa nje mvuani, kwenye njia nyembamba ya mbuzi iendayo kijitoni. Akatupanga: Saruni mbele, Bariki nyuma yake, mimi nyuma yao. "Nani yuko mbele?" Saruni. "Geukeni nyuma, kila mtu alipo, asisogee mtu." Tukageuka. "Sasa nani yuko mbele?"

Nilikuwa mimi. Sikusogea hata kidogo, na nilikuwa wa kwanza.

"Ukigawanya kwa namba iliyo chini ya sufuri," akasema Mwalimu, "umeligeuza kundi lote njiani. Mbuzi ni walewale, lakini aliyetangulia amekuwa wa mwisho. Kwa hiyo geuza alama pia. Usipoigeuza, utasema uongo kwa mwandiko mzuri."

Mgeni ni mdogo kuliko sita. Nilimpa tano, akakubali.

Nilidhani Mwalimu Eliamini ni mtu wa mzaha tu. Leo alilowa mpaka mgongoni na hakuacha mpaka Bariki alipoelewa.

29 Machi

Nimeota njia ile. Niliposimama na kugeuka palikuwa na mtu mbele yangu, mdogo, amenipa mgongo.

5 Aprili

Mwalimu amenipa wasichana wadogo niwafundishe alama mbili, ya kubwa kuliko na ya ndogo kuliko. Niliomba mahindi makavu kwa mama. Nilipanga kumi na mawili benchini, kutoka mlangoni hadi ukutani, nikasema kila msichana achukue moja lake. Mahindi kuyahesabu si mwiko. Yakiisha na msichana bado amesimama, wasichana ni wengi kuliko mahindi. Yakibaki, ni wachache kuliko mahindi. Hakuna kichwa kilichoguswa wala namba iliyotajwa juu ya mtu.

Walifurahi sana. Lakini hindi moja lilibaki, la mwisho kabisa ukutani, pale panapodondokea maji.

"Hilo la nani?" akauliza mdogo mmoja.

"Si la mtu," nikasema.

Wakanitazama.

6 Aprili

Tumerudia. Hindi lilelile.

7 Aprili

Leo nilianza kuyapanga kutoka ukutani, na wasichana wakaanza kuchukua kwa upande huo. Nilitaka libaki upande wangu, mlangoni, palipo pakavu. Walichukua mengine yote wakaliruka lile la ukutani. Sikuwaambia waliruke.

16 Aprili, Pasaka

Tumeimba. Sauti yangu imekwama katikati ya wimbo kwa kikohozi. Mama amenichemshia majani.

19 Aprili

Jana wazee wa Lekishon walikuja na asali ya posa. Baba alipokea mtungi, akauweka chini, hakuonja. Walipoondoka aliniita.

"Resiato, hiyo shule yako imekwisha?"

"Bado, baba. Darasa likiendelea, Mchungaji amesema mwakani nitapelekwa misheni kujifunza ualimu."

"Na lisipoendelea?"

Niliutazama mtungi wa asali.

"Mimi sikukatazi," akasema. "Asali itakaa. Lakini asali haikai masika mawili."

Lekishon si mtu mbaya. Ana ng'ombe wazuri na hana makelele. Ila nikifumba macho nijione mwakani, sijioni kwake. Najiona nimesimama mbele ya ubao, mkono mweupe kwa chaki, mtoto mmoja ananiambia, "Lakini kwa nini inageuka?"

22 Aprili

Mvua kubwa. Kijito kimepanda. Wadogo watatu tu wamekuja, na Bariki, aliyetumwa awarudishe kwao kabla ya mchana.

26 Aprili

Bariki ameziba paa mara ya tatu, kwa majani ya migomba yaliyopangwa kama magamba. Akashuka akiapa. "Dada Resiato, pale juu hapana tundu. Nimetia mkono wangu mwenyewe."

Mchana mvua ilikatika kabisa, jua likatoka mpaka Kimandolu ikaonekana wazi. Nilikuwa peke yangu nikifuta ubao. Nikasikia tone likianguka benchini. Nikangoja. Likaanguka jingine. Nilijiambia ni maji yaliyokaa kwenye nyasi, na huenda ndivyo. Sikwenda kutazama.

4 Mei

Leo nitaandika mengi.

Habari za hindi zimefika majumbani. Asubuhi, wadogo wakiwa wameshika mahindi yao, mlango ukawa giza. Alikuwa Mama Nasieku, ngozi aliyovaa imelowa, miguu ina tope mpaka magotini. Namnyaki alikuwa nyuma yake, nje, ameshika pindo lake.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu, kwa heshima ya kumwita mama.

"Iko," akaitika. Hakunigusa kichwa. Tangu Novemba hamgusi mtoto yeyote.

Alipita mbele ya benchi mpaka ukutani, akaliokota hindi. Akaligeuza mkononi, akalifuta maji kwa kidole gumba.

"Wanasema hili halichukuliwi."

"Halijapata mtu, yeyo."

"Lina mtu," akasema. "Nawe unajua."

Mwalimu Eliamini akanyanyuka, "Shikamoo, mama, karibu ukae," akasogeza kigoda. Yeye akamwambia, "Mwalimu, sikukujia wewe," lakini kwa upole, naye akakaa mwenyewe kwenye kigoda hicho.

Kisha akanigeukia. "Saruni amemwambia mwanangu mkubwa kwamba mnajifunza kundi likigeuka njiani, wa mwisho anakuwa wa kwanza. Ni kweli, au ni utani wa wavulana?"

"Ni kweli."

"Nionyeshe."

Nilipanga mahindi yangu mwenyewe sakafuni, mstari mmoja. Nikamwonyesha la kwanza na la mwisho. Kisha nikaanza tena kutoka upande wa pili. Aliinama akitazama kwa muda mrefu. Sikuwahi kumwona kwa karibu hivyo. Nilidhani uso ule ni wa hasira. Lydia, ni uso wa mtu asiyelala.

"Yule mwalimu wenu wa Machame," akasema, "alikuwa akianzia wapi?"

"Mara mlangoni, mara ukutani. Ilitegemea alipokuwa amesimama."

"Na siku ile ya mwisho?"

"Sijui, yeyo. Tulikuwa tumeinama. Tulifumba macho. Kila mmoja alijua mkono juu ya kichwa chake tu."

Akavuta pumzi. "Usiku wote najiuliza hilo. Mimi nilisema mwanangu alikuwa wa mwisho kwa sababu ndiye aliyekufa. Lakini sikuona. Kama alikuwa wa kwanza, hakubeba hesabu ya mtu. Alichukuliwa na homa, kama watoto wa watu wengine wanavyochukuliwa. Hilo naweza kulala nalo." Akamtazama Namnyaki pale nje. "Niletee neno la mwenye mkono. Akisema alianzia ukutani kwa binti yangu, huyu atakuja, na atalichukua hindi hili. Akisema alimalizia kwake, usipite tena njia ya kwangu."

"Nitamwandikia," nikasema upesi. Nilifurahi, Lydia. Niliona hindi la mwisho limechukuliwa, Mchungaji anakubali kwa kichwa, asali inarudishwa. Niliona yote hayo kwa mara moja.

Mama Nasieku alisimama aende. Mlangoni akasita.

"Wewe siku ile ulikaa wapi?"

"Hapa mlangoni, yeyo. Mimi ni mkubwa, ndimi ninayewatoa nje."

Akalitazama benchi, ncha hadi ncha. Nami nilikuwa nimeelewa pamoja naye. Benchi lina ncha mbili tu. Nikakohoa, nilijitahidi nisikohoe, lakini nikakohoa.

"Bado utauliza?" akasema.

"Nitauliza."

Ndipo akaweka mkono utosini pangu. Niliinama. Mkono ulikuwa baridi kwa mvua, na haukuondoka haraka.

5 Mei

Mvua. Sikulala vizuri. Wasichana wamechukua mahindi, moja limebaki.

8 Mei

Bariki amenikuta kijitoni. "Dada, mbona unajitesa? Mwambie yule mama jibu limekuja. Mkono ulianzia ukutani. Amelala, mtoto amekuja, darasa limebaki. Nani atajua?"

"Wewe ulisema mgeni ni mkubwa kuliko sita," nikamjibu, "nawe ulikuwa na hakika."

"Ah, hiyo ni hesabu."

"Ulilipenda jibu lako kwa sababu lilikuwa rahisi. Mwalimu alipolijaribu halikusimama."

Aliokota jiwe akalitupa majini. "Na likija la kweli, likawa la kukuumiza wewe?"

Niliinama kuchota maji. Akanibebea mtungi mpaka nyumbani, jambo ambalo wavulana wa hapa hawafanyi.

9 Mei

Nimemwuliza Mwalimu Eliamini kama anaamini habari ya wa mwisho. Hakufanya mzaha. Akasema Mungu anatujua sote bila kutunyooshea kidole, na kwamba homa haisomi namba. Kisha akasema, "Lakini mimi nami, Resiato, nikiwa mtoto Makumira, sikuwahi kukubali kuhesabiwa. Mpaka leo mtu akihesabu watu kanisani, mwili unanisisimka." Nilishukuru kwamba hakunidanganya.

12 Mei

Kikohozi kimepungua. Au kimezoea.

13 Mei

Mvua inapungua. Barabara ya boma imeanza kukauka kwenye miinuko, na jana magari ya ng'ombe yalipita. Mchungaji hatakawia.

14 Mei

Loishiye, mwendesha magari ya ng'ombe, anaondoka kesho alfajiri kwenda Moshi na shehena ya ngozi, na ameahidi kulifikisha daftari hili mpaka mkononi mwako, Machame. Nimemwomba asiondoke kwako bila jibu. Anasema atalala siku moja kuwapumzisha ng'ombe, kwa hiyo unayo nafasi.

Leo niliandika kwenye kibao changu yale ninayoyajua. Wasichana ni pungufu ya kumi na wawili. Namnyaki akija, si pungufu tena. Namnyaki anakuja ikiwa ulianzia ukutani. Na ukianzia ukutani unamalizia mlangoni. Nilitafuta mahali pa kuigeuza alama ili lote linifae, nikapakosa. Kisha nikafuta kibao.

Usidhani nakulaumu. Mkono wako nilikuwa nikiungoja kila asubuhi. Nakuomba tu usifikirie lipi litanifariji na lipi litamfariji Mama Nasieku. Kumbuka chumba. Kumbuka kama ulikuwa na chaki mkononi, kama mlango ulikuwa wazi, ni kichwa kipi kilichokuwa bado na umande wa njiani. Mimi nakumbuka kwamba ulipoutua mkono juu yangu uliuacha kidogo, kama mtu aliyefika mwisho wa safari, au kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuondoka. Nimelipima hilo siku hizi zote na sijaweza kulitenganisha.

Hindi nimeliacha benchini, pale ukutani. Nimelifunika kwa jani la mgomba lisiote.

Mwalimu Lydia, niandikie kwa mkono wa Loishiye huyuhuyu: asubuhi ile, ulianzia kwa nani?